Mashimo ya Matofali

Ramani yangu ya kwanza ya bustani niliichora mwaka 1984, juu ya meza ya mninga iliyokuwa na mguu mmoja mfupi, katika ofisi ambayo sitaitaja kwa kuwa wengi waliokuwamo wakati ule wamekwisha kufariki na hawawezi tena kujitetea. Na lau ungeniuliza siku ile niliyoikunja na kuipeleka kwa mkubwa wangu kama ina kasoro yoyote, ningekuapia kwamba haina. Ilikuwa na duara katikati, na ndani ya duara chemchemi ya kurusha maji, ilhali mji wetu una kiangazi cha nusu mwaka na maji ya kunywa yenyewe hupatikana kwa foleni. Ilikuwa na njia nne zilizonyooka kama rula, zikikutana kwenye duara kwa adabu kubwa. Ilikuwa na safu za mikrismasi na safu za mijakaranda, ua wa michongoma pande zote nne, na lango moja tu, upande wa barabara kuu, ili wageni wa heshima waingie bila ya kuchafua viatu. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano, nimesomea miti, na mahali penyewe nilikuwa nimefika mara mbili, zote mbili kwa gari.

Mahali hapo palikuwa pembezoni mwa Tabora, ng'ambo ya reli, ambapo tangu kabla ya mimi kuzaliwa watu walifyatua matofali na kuyachoma. Kwa asiyeijua kazi hiyo nitaieleza, kwani ubaya wa ardhi ile hautambulikani pasi na kujua asili yake. Udongo wa mfinyanzi huchimbwa, ukachanganywa na udongo wa kichuguu ambao mchwa wamekwisha kuusaga laini, ukakandwa kwa miguu, ukatiwa katika kalibu ya mbao, na tofali likatolewa bichi na kuanikwa chini ya nyasi kwa siku kadhaa; kisha matofali yenyewe hupangwa yakawa tanuri, yakiachiwa matundu chini, na katika matundu hayo husukumwa magogo, moto ukawashwa na kulindwa usiku na mchana hata yale yaliyo juu kabisa yaive. Ni kazi yenye heshima, na mimi nimezaliwa ndani ya kuta zilizotoka katika mashimo yale. Lakini fundi achimbaye hachukui udongo wa chini peke yake, bali huondoa kwanza ule wa juu, mweusi, wenye uhai. Na atiaye magogo tanurini huutia msitu. Mashimo yalipofika majini na kuni zikawa za kuagizwa kutoka mbali, mafundi walihama. Walituachia mabwawa matatu ya tope, vilima vya matofali yaliyoungua kupita kiasi, visiki vya mitundu na mininga vilivyosimama kama meno ya kizee, na kila palipokuwa na tanuri, duara la ardhi nyekundu iliyoiva, ngumu kama kigae, ambayo haioti hata magugu.

Nilipokwenda mara ya tatu, sasa kwa miguu, nikiwa na kamba na vigingi vya kupimia, nilimkuta mzee mmoja ameketi juu ya kifusi akivuta tumbaku. Alikuwa fundi wa zamani wa pale pale, na vidole vyake vilikuwa bado na rangi ya kazi.

"Mwangaluka, mzee," nilimwamkia.

"Mwangaluka, mwanangu. Hicho unachokipima ni nini?"

"Bustani, mzee."

"Ya nani?"

"Ya watu wote."

Aliitazama kamba yangu ilivyokwenda, kutoka kigingi hadi kigingi, akanyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kugombana na serikali, "Na hao watu wote, watapita wapi?"

Sikumwelewa, au niseme kweli, sikutaka kumwelewa. Katikati ya mashimo yale palikuwa na njia ya mguu, nyembamba, iliyopinda mara mbili kuyakwepa mabwawa, na kila alfajiri ilipitwa na kina mama waliotoka vijijini kwenda sokoni na madebe ya asali, magunia ya mkaa, na wakati wa mvua vikapu vya uyoga wa porini. Jioni walirudi kwa njia ile ile wakiwa na chumvi, sabuni na vibatari. Katika ramani yangu njia hiyo haikuwako. Ningeweza kujitetea kwamba ilikuwa haijaandikwa katika karatasi yoyote niliyopewa, na kwa hakika ndivyo nilivyojitetea baadaye mbele ya mkubwa wangu, lakini ukweli ni kwamba niliiona kwa macho yangu, nikaihesabu kuwa ni uchafu utakaofagiwa pamoja na uchafu mwingine.

Tulifagia, basi. Visiki viling'olewa kwa malipo ya kila kisiki, na vijana waliolipwa walifanya kazi kwa bidii, wakaanza upande wa kusini na kufika zaidi ya nusu kabla ya fungu la fedha kukatika. Ua ulipandwa, na kwa kuwa michongoma haikui kwa siku moja, tukatanguliza seng'enge. Desemba, mvua zilipokwisha kushika, tulipanda miche mia mbili iliyoletwa kwa lori. Seng'enge ilidumu siku nne. Siku ya tano ilikutwa imekatwa mahali pawili, mwanzo na mwisho wa ile njia ya mguu, kwa unadhifu kana kwamba aliyeikata alitaka tujue kwamba hana nia ya wizi. Na waya uliokatwa ulikuwa umekunjwa na kuwekwa kando. Tukaiziba, ikakatwa tena. Ama miche, hiyo haikuhitaji adui. Mashimo tuliyoichimbia katika ardhi iliyoiva yalikuwa vyungu hasa, vilivyochomwa na moto wa miaka arobaini: wakati wa mvua maji yalisimama ndani yake, mizizi ikaoza, na kiangazi kilipokuja, kile kilichobaki kikapikwa humo humo. Mchwa walimaliza masalio, kwani mchwa hupenda mti uliokwisha kukata tamaa. Kufika Agosti nilihesabu miche kumi na mmoja yenye majani. Niliandikiwa barua, na barua hiyo ilikuwa ya haki zaidi kuliko nilivyokubali wakati ule.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo akiwa kijana katika miaka ya mwisho ya misafara, kabla ya reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam kufika Tabora mwaka 1912 na kuendelea hadi Kigoma mwaka 1914, na kuifanya kazi ya mabega kuwa hadithi. Katika masika ile ya fedheha yangu, nikiwa sina kazi ya kufanya ofisini isipokuwa kuchonga penseli, nilianza kuyakumbuka maneno yake ambayo nilipokuwa mtoto niliyaona ni porojo za kizee. Alikuwa akisema kwamba kiongozi wa msafara hapangi kambi, huikuta. Mahali penye kivuli, maji na kuni, na penye alama za moto wa waliotangulia, hapo mizigo hutuliwa, hata kama jua bado liko juu. Na mahali pasipo na vitu hivyo, hata kama ni pazuri kwa kutazamwa, watu hupita. Kati ya Bagamoyo na Tabora ni mwendo wa kilomita zipatazo mia nane, ambao wapagazi wa Kinyamwezi waliutembea kwa miezi mitatu takriban, na katika mwendo huo wote hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekaa mezani na kuchora pa kulala. Palichaguliwa na nyayo.

Na mji wetu wenyewe, ukiutazama kwa insafu, ni kambi iliyokua. Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, wakiita mahali hapa Kazeh, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wamekwisha kujenga matembe yao na kulima bustani zao, kwa kuwa hapa ndipo njia zilipogawanyika, moja ikienda Ujiji na nyingine ikipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kule Kwihara, ambako Livingstone alikaa mwaka 1872 akiwangojea wapagazi aliopelekewa na Stanley kutoka pwani, tembe lake linatazamwa na wageni hata leo. Wageni hutazama kuta na vyumba, wakasoma maandishi. Mimi kila nilipokwenda nilitazama miembe. Husemwa kwamba miembe ya Tabora na ya Ujiji iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na misafara, na kwamba wengi katika waliozitupa walikuwa na minyororo shingoni. Mwembe si mti wa kwetu kwa asili. Umetoka Bara Hindi, ukapita pwani, ukapanda bara pamoja na vitambaa na shanga na bunduki. Pembe za ndovu zilizoshuka kwa njia hiyo hiyo leo ni vifungo na vinanda katika nchi za watu, na damu iliyoshuka nazo haina kaburi, kivuli kimebaki. Sisemi haya kwa kutaka kuipamba biashara ile, hasha. Nasema tu kwamba bustani kubwa kuliko zote katika magharibi ya nchi yetu haikuchorwa na mhandisi, na walioipanda hawakula matunda yake.

Mwaka 1988 nilipata ruhusa ya mafunzo mafupi nikaenda Mombasa. Mpaka baina ya Tanzania na Kenya, uliofungwa mwaka 1977, ulikuwa umefunguliwa tena tangu mwaka 1983, na kwa mtu wa Tabora safari ile ilikuwa kubwa: treni hadi Dar es Salaam, basi hadi Tanga, basi jingine hadi Lunga Lunga, na kivuko cha Likoni mwisho wake. Nilikuwa nimesikia kwamba huko Bamburi, kaskazini ya kisiwa, katika mashimo ya kiwanda cha saruji, kuna mtu ameotesha msitu. Sikuamini. Nilikwenda kwa nia ambayo naona haya kuisimulia: nilitaka kuona kwamba na mwingine ameshindwa.

Kiwanda kile kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na saruji yake ilitoka katika mawe ya matumbawe yaliyo chini ya pwani ile. Walichimba hadi karibu ya kufikia maji ya chini, ambayo yana chumvi, wakaacha uwanda mweupe wa mawe matupu, usio na udongo hata wa kujaza kiganja, ambao jua la pwani huugeuza tanuri. Mwaka 1971 Mswisi mmoja, bwana shamba René Haller, alipewa kazi ya kuufufua. Alijaribu aina 26 za miti. Tatu tu zilihimili: mnazi, aina moja ya mti wa nchi kavu za Somalia, na mvinje, ule ule mvinje wa fukweni ambao kila mtoto wa pwani anaujua kwa mlio wake upepo unapopita. Mvinje una hazina ambayo haionekani, nayo ni kwamba mizizini mwake hukaa vijidudu vinavyoivuta naitrojini kutoka hewani na kuupa mti chakula ambacho ardhi haina. Ukaota juu ya mawe. Lakini hapo ikazuka shida ya pili, na shida hii ndiyo iliyonifundisha kuliko ile ya kwanza: majani ya mvinje, membamba kama sindano, yalianguka yakarundikana, wala hayakuoza, kwa sababu yana ule ukali ulio katika magome ya mikoko wanayoyatumia mafundi wa ngozi. Miti ilikuwa hai juu ya jamvi la majani makavu, na chini yake bado ni jiwe. Kilichokosekana hakikuwa mbolea wala maji. Alikosekana mlaji.

Mlaji alikuwa jongoo. Ndiyo, jongoo, yule mkubwa mwenye miguu myekundu, ambaye sisi sote tumefunzwa kumwondoa nyumbani kwa kijiti na kukitupa kijiti pamoja naye, hata ikawa methali kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake. Huyu alionekana akiyala majani ya mvinje bila ya kudhurika. Wakakusanywa wenzake kwa mamia, wakaachiwa uwandani, wakala, na kinyesi chao kikawa ndicho udongo. Mwaka niliofika mimi, miaka kumi na saba tangu kuanza, nilichimba kwa kidole chini ya miti ile nikatoa tope jeusi linalonuka msitu. Palikuwa na mabwawa ya samaki, palikuwa na ndege, palikuwa na njia za kutembelea ambazo watu wote waliruhusiwa kuzipita tangu mwaka 1984, mwaka ule ule, kwa fedheha yangu, nilioichora ramani yenye chemchemi. Aliyechimba shimo ndiye aliyelipa gharama ya kulifukia kwa miti, na jambo hilo ni nadra. Kama ilikuwa toba au ilikuwa biashara sikujishughulisha kuuliza, wala miti haijali. Baadaye mahali hapo pakapewa jina la Haller mwenyewe, na dunia nzima ikapasikia mwishoni mwa mwaka 2004, pale mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini huko Malindi siku za tsunami alipoletwa na kumshika kobe mzee akamfanya mama. Lakini mimi ninapopakumbuka, namkumbuka jongoo.

Nilimwambia mfanyakazi aliyekuwa akinitembeza, mtu wa makamo, mpole, kwamba nitaomba jongoo kumi niwatie katika kopo nikaende nao Tabora. Alicheka hata akashika shina la mti.

"Ndugu yangu," alisema, "kwani huko kwenu hakuna mdudu alaye majani?"

Nililipanda basi la kurudi na swali hilo, nikalala nalo Tanga, nikapanda nalo treni, na ilipotufikisha Manyoni swali lilikuwa limekwisha kunitia aibu kamili. Kwa kuwa mdudu alaye majani huko kwetu tunaye, tena tunaye kuliko viumbe vyote. Ndiye aliyekula masalio ya miche yangu, ndiye niliyemnunulia sumu kwa fedha za umma, na ndiye aliyeusaga udongo ambao mafundi wa matofali waliuona bora kuliko udongo wowote. Mchwa.

Nilianza tena mwaka 1989. Safari hii sikuomba fedha, kwani nisingepewa. Niliomba idhini tu, na idhini hutolewa upesi kwa jambo ambalo hakuna anayelitumainia. Kwa mwaka mmoja mzima sikuchora kitu. Nilikwenda kule alfajiri na jioni, nikiwa na daftari, nikaandika watu wanapita wapi, wanatua mizigo wapi, maji ya mvua yanaingilia upande gani na yanakaukia wapi mwisho. Nilimtafuta yule mzee, nikamkuta amezeeka zaidi lakini kumbukumbu yake i nzima, na yeye ndiye aliyenionyesha kwamba kina mama hutua mizigo mahali pawili tu, chini ya mkwaju ulioponea kwenye kona, na juu ya kifusi kirefu, kwa kuwa urefu wake unalingana na bega na mtu hujitua bila ya kusaidiwa. Katika maisha yangu ya kusomea bustani sikuwahi kusikia mwalimu yeyote akitaja urefu wa bega la mtu aliyejitwika.

Basi njia ya mguu ikawa ndiyo njia ya bustani, na mipindo yake miwili. Tuliitandika kwa matofali yaliyovunjika, ambayo tulikuwa nayo kwa vilima na ambayo ramani ya kwanza iliagiza yachukuliwe na malori yakatupwe. Kando ya njia tulijenga vikuta vya kutulia mizigo, vya kimo cha bega, na kimoja cha kimo cha kukalia. Kingo za mabwawa zilizokuwa wima, ambazo kila masika zilinikosesha usingizi kwa sababu ya watoto, tulizikata kwa majembe zikawa miteremko ya kushukia kwa miguu, na kwenye miteremko tukachomeka vigingi vya mkuyu, ambavyo katika ardhi yenye maji huota kama kwamba havijawahi kukatwa.

Ama visiki, hapo ndipo nilipotubu zaidi. Miti ya miyombo haifi kwa kukatwa. Huchipua kutoka kisikini na mizizini, na mninga mchanga una tabia ya kufa juu kila kiangazi na kuchipua kila masika, mwaka baada ya mwaka, mpaka mzizi wake uwe na nguvu ya kuinua shina lisilorudi tena chini. Nilikuwa nimelipa watu wang'oe miti yenye mizizi ya kale ndani ya ardhi, ili nipate nafasi ya kupanda miche isiyo na mzizi hata wa shibiri. Kwa bahati fungu lilikatika. Upande wa kaskazini visiki vilikuwa vimesalia, na kila kimoja kilikuwa na vichipukizi kama ndevu. Tuliacha viwili au vitatu vilivyonyooka, tukakata vingine, tukawaomba wachungaji wa mbuzi wapite mbali kwa masika nne. Baadhi waliridhia. Wengine hawakuridhia, na upande wa karibu na barabara hadi leo ni mfupi kuliko upande wa ndani.

Na kwenye maduara yale yaliyoiva tulimwachia mchwa. Tulipasua kigae kwa sururu, si kwa mashimo ya vyungu bali kwa mifereji iliyoungana ili maji yapate pa kwendea, tukajaza udongo wa kichuguu na samadi, na juu yake tukatandaza nyasi na mabua kwa wingi, tukayaacha. Mchwa wakaja kula mabua. Wakila mabua hawali miche, na katika kuja kwao hutoboa ardhi kwa vijia visivyohesabika, ambavyo mvua ikinyesha hunywa maji. Baada ya miaka mingi nilisoma kwamba mkulima mmoja wa Burkina Faso, Yacouba Sawadogo, aliugeuza uwanda wa ardhi iliyokauka kuwa msitu kwa namna ya karibu na hiyo, akitia samadi na majani katika vishimo ili mchwa waje kuifungua ardhi. Nikafurahi kama mtu aliyepata ndugu ugenini, ingawa yeye alifanya kwa ujuzi na mimi nilifanya kwa kukosa jingine la kufanya.

Nisije nikakudanganya, msomaji, kwamba yote yalifaulu. Mbegu za mvinje nilizotoka nazo Bamburi, ambazo nilizificha katika soksi kama almasi, zilitoa miti ishirini, na umebaki mmoja, mwembamba, ambao watoto huufunga kamba ya kuanikia. Duara moja katika yale ya tanuri limekataa kila kitu, na tumeliacha lilivyo. Vijana wamelifanya mahali pa bao. Benchi nne za chuma tulizopewa na mfadhili ziliibwa zote katika wiki moja.

Tangu hapo, kila mji ninaofika hutazama bustani yake kwa jicho hilo. Unguja, Forodhani, jina lenyewe linakwambia kwamba hapo palikuwa mahali pa kazi, pa kulipia ushuru na kupakulia majahazi, kabla ya shughuli za bandari kuhamia upande wa Malindi na bustani kupandwa katikati ya miaka ya 1930 kwa jubilii ya Sayyid Khalifa bin Haroub. Ilipofanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba wauza pweza na mishikaki watafukuzwa kwa ajili ya usafi wa ramani. Nilipokwenda niliwakuta, moshi wao uko pale pale. Na nilipata kusoma habari za Duisburg, huko kwao Wajerumani waliotulazia reli, ambako kiwanda cha kuyeyushia chuma kilifungwa mwaka 1985 na mchoraji wa bustani, Peter Latz, badala ya kukibomoa akaziacha tanuri zisimame na kuyafanya matuta ya reli za zamani kuwa njia za kutembelea. Waliusoma mwendo uliokuwapo. Fedha walizokuwa nazo sitazitaja, nisije nikaugua.

Sasa nimestaafu, na nyumbani kwangu nasikia mitambo ya reli mpya ya kisasa inayopita Tabora. Kila reli huchimba mashimo kando yake kwa ajili ya kifusi cha tuta, na siku ujenzi utakapokwisha, mashimo hayo yatakabidhiwa kwa ofisi fulani, na katika ofisi hiyo atakuwako kijana mwenye shahada, na mbele yake meza. Ningependa kumwomba kijana huyo aje kwangu kabla hajaanza. Tutakwenda pamoja kwa miguu, alfajiri, wakati kina mama wanapotua asali kwenye vikuta. Nitamwonyesha ule mninga wa kisikini ambao sasa siwezi kuukumbatia kwa mikono yote miwili. Ile ramani yangu ya mwaka 1984 ninayo bado, karatasi yake ni nene na nzuri, ya Kiingereza, ambayo siku hizi haipatikani. Nitampa aichukue. Upande wa nyuma ni mweupe, haujaandikwa kitu.